Bastola Ndogo, Mkono Mgeni

Katika jamii yetu udogo wa kitu huchukuliwa kuwa ushahidi wa wepesi wake. Mtoto hupewa jembe dogo, anayejifunza udereva hutafutiwa gari dogo, na anayeingia katika biashara hushauriwa aanze na mtaji mdogo. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Lakini upo uwanja mmoja ambamo mantiki hii hugeuka kichwa chini miguu juu, nao ni uwanja wa bastola. Mtu ambaye hajawahi kufyatua risasi maishani mwake, akiwekewa mezani bastola mbili, moja kubwa ya chuma na nyingine inayoenea kiganjani, aghalabu atanyoosha mkono kuelekea ile ndogo. Muuzaji naye atamuunga mkono. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini uchaguzi huo kwa kawaida hauna mashiko, na kwa nini athari zake haziishii kwa mnunuzi. Zinamfikia jirani yake, mpita njia, na hata mtumishi wa umma anayetia saini kwenye leseni.

Niseme mapema kwamba haya si matangazo ya silaha. Mimi sina bastola na sikusudii kuomba leseni ya kuimiliki. Naamini kwamba jamii yenye silaha chache mikononi mwa raia ni jamii iliyo salama zaidi, na kwamba kulinda uhai na mali ya mwananchi ni wajibu wa kwanza wa dola. Hata hivyo, sheria za nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, humruhusu raia kumiliki silaha kwa masharti. Kwa kuwa ruhusa hiyo ipo, na kwa kuwa wapo wanaoitumia, hatuwezi kulikwepa swali linalofuata: huyu aliyeruhusiwa, je, anaimudu silaha aliyoruhusiwa kuishika?

Swali hili lilinifikia kupitia mlango wa familia. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anauza vifaa vya ujenzi katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Jioni moja, wakati wa kufunga hesabu, wezi walimvamia dukani. Walichukua fedha za mauzo ya siku nzima, wakampiga mlinzi wake hadi akalazwa, wakaondoka kwa pikipiki. Wiki chache baadaye alitutangazia kwamba anaomba leseni ya bastola. Ukoo uligawanyika. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliompinga, na nilimpigia simu nikamweleza hoja zangu kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, wewe unalala kwenye nyumba za chuo, penye geti na askari. Mimi nalala nyuma ya duka."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na sikutaka kuipuuza. Nilimwomba jambo moja tu: kabla hajalipa fedha yoyote, twende pamoja kwenye uwanja wa shabaha, aishike na kuifyatua silaha anayotaka kuinunua, na baada ya hapo aamue mwenyewe. Wakati huo muuzaji alikuwa amekwisha kumchagulia. Ilikuwa bastola ya milimita 9, ya magazini, yenye uzito wa takriban nusu kilo, mtutu wake ukiwa sentimita 8 hivi. Alikuwa amemwambia kwamba hiyo ndiyo "ya akina mama": nyepesi, inaingia kwenye mkoba, na haimchoshi mtu.

Kabla ya kusimulia kilichotokea uwanjani, inafaa tuelewe kinachotendeka ndani ya mkono mtu anapofyatua bastola. Chanzo chake ni kanuni ambayo kila aliyesoma fizikia sekondari ameifundishwa. Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kanuni zake tatu za mwendo, na ya tatu yaeleza kwamba kila kani huambatana na kani nyingine iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume. Risasi inaposukumwa mbele, bastola husukumwa nyuma. Msukumo huo wa nyuma ndio nitakaouita teke.

Tuchukue risasi ya milimita 9, ambayo ni miongoni mwa zilizoenea sana duniani kwa bastola. Kichwa chake kina gramu 8 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Ukizidisha kilo 0.008 kwa 350 unapata momenta ya 2.8, na kiasi hichohicho hakina budi kwenda upande wa bastola. Ikiwa bastola ina kilo 1, itaanza kurudi nyuma kwa kasi ya mita 2.8 kwa sekunde, ikibeba nishati ya karibu juli 4. Ikiwa ina nusu kilo, itarudi kwa mita 5.6 kwa sekunde, na nishati yake itakuwa karibu juli 8. Risasi ni ileile na baruti ni ileile, lakini mkono ulioshika bastola nyepesi umepokea nishati maradufu. Hesabu hii haijaingiza gesi ya baruti inayotoka nyuma ya risasi, ambayo huliongeza teke katika bastola zote mbili. Ni kweli pia kwamba mtutu mfupi huipunguzia risasi kasi kidogo, lakini punguzo hilo halitoshi kufidia nusu kilo ya chuma iliyokosekana.

Uzito ni sehemu moja tu ya habari. Teke halirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mtutu umekaa juu ya mkono. Nguvu inayosukuma nyuma kutoka juu, ilhali mkono umeshika chini, huizungusha bastola na kuuinua mdomo wake kuelekea angani. Ili kuizuia isizunguke, mkono unahitaji mahali pa kushika. Mpini wa bastola kubwa hupokea vidole vitatu chini ya kifyatulio, na mkono wa pili hupata nafasi ya kujaza upande uliobaki. Mpini wa bastola ndogo mara nyingi hupokea vidole viwili, na kidole cha mwisho hubaki kikining'inia hewani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa; bastola ndogo humtaka mgeni adhibiti mlipuko kwa vidole pungufu, na kwa mpini mwembamba unaokusanya teke lote mahali padogo, kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada.

Kisha kuna suala la kulenga. Mlengaji hupanga alama mbili, ya nyuma na ya mbele, ziwe katika mstari mmoja na shabaha. Kadiri alama hizo zinavyokaribiana, ndivyo kosa dogo la jicho linavyokuzwa. Tuseme umekosea milimita 1 katika kuzipanga. Kwa bastola ambayo alama zake zimeachana milimita 160, risasi itakwenda pembeni kwa sentimita 6 hivi kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 10. Kwa bastola ndogo sana, ambayo alama zake zimeachana milimita 100, kosa hilohilo litaipeleka risasi pembeni kwa sentimita 10. Mtu mwenye miaka mingi ya mazoezi hukosea kwa sehemu ya milimita. Mgeni, tena mwenye hofu, hukosea zaidi ya hapo.

Hata kuitayarisha tu bastola ndogo ya magazini kunaweza kuwa kazi. Sehemu yake ya juu, ile inayovutwa nyuma wakati wa kukoki, ni nyepesi, hivyo mtengenezaji hulazimika kuiwekea springi ngumu ili iweze kuhimili mlipuko. Watu wengi wenye nguvu ya wastani huona ni vigumu kuivuta springi hiyo, ilhali ile ya bastola kubwa huivuta bila taabu. Aidha, bastola za namna hii hutegemea mkono ulio imara ili zijipakie zenyewe baada ya kila risasi. Kifundo kikilegea, bastola yote hurudi pamoja na mkono, ganda halitoki sawasawa, na silaha hukwama. Rivolva ndogo haina tatizo hilo, lakini ina lake: kifyatulio chake, kikivutwa bila nyundo kuinuliwa kwanza, aghalabu huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi, kwenye silaha ambayo yenyewe inaweza kuwa na gramu 400. Kidole kinachovuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha zaidi ya mara kumi huiyumbisha silaha kabla risasi haijatoka.

Yote hayo niliyasoma kabla ya safari yetu. Uwanjani niliyaona kwa macho.

Mkufunzi wetu alikuwa askari mstaafu, mtu wa maneno machache. Hakuanza na bastola ya mkobani. Alimpa dada yangu kwanza bastola kubwa inayotumia risasi ndogo ya .22. Kichwa cha risasi hiyo kina gramu 2.6 hivi, na momenta yake haifiki hata theluthi moja ya ile ya milimita 9. Alipiga risasi ishirini kwenye karatasi iliyokuwa mita 7 mbele yake. Mwanzoni alikuwa anatetemeka. Baada ya kumi hivi mabega yakashuka, na akaanza kuuliza maswali ya mtu anayejifunza. Kisha mkufunzi akamletea bastola nzito ya chuma ya milimita 9, ya aina ya CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia katika miaka ya 1970, yenye uzito wa takriban kilo 1. Aliitazama kwa mashaka. "Afande, hii si ya wanaume?" Mkufunzi akajibu, "Mama, chuma hakijui mwanamume." Alipiga risasi tano. Zote ziliingia kwenye karatasi, na zote zingefunikwa na sahani ya chakula.

Ndipo ikaja ile ndogo. Kuikoki tu kulimshinda mara mbili. Risasi ya kwanza ilipiga pembe ya karatasi. Ya pili haikuonekana ilikokwenda. Ya tatu na ya nne zilipiga chini. Kabla ya ile ya tano nilimwona akifumba macho, na hiyo nayo haikuigusa karatasi. Mkufunzi akachukua bastola, akapanga magazini upya akiwa ametupa mgongo, akamrudishia. Dada yangu akalenga, akavuta, na mlipuko haukutokea. Mkufunzi alikuwa ameweka risasi bandia. Lakini mdomo wa bastola ulizama chini kwa ghafla, kana kwamba mlipuko umetokea. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza kuliogopa teke, nao ulikuwa unaisukuma silaha chini kabla ya wakati. "Hicho ndicho kinachokukosesha, mama," alisema. "Si macho yako."

Nami nilipewa nafasi. Bastola ya chuma ilinirudisha nyuma kama mtu anayekusukuma begani kwa kiganja. Ile ndogo iliniuma. Baada ya risasi tano, ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa nyekundu, na nilitambua kwamba sikuwa na hamu ya kupiga ya sita. Humo nadhani mna hoja muhimu kuliko hesabu zote nilizozitoa: silaha inayoumiza haifanyiwi mazoezi. Mnunuzi huipiga mara moja, huifunga kwenye kabati, na siku ya hatari huitoa akiwa mgeni kama alivyokuwa siku ya kuinunua.

Tulipokuwa tunakusanya maganda, dada yangu aliuliza swali ambalo limeendelea kunisumbua. "Afande, zile mbili zilizokosa karatasi zimekwenda wapi?" Mkufunzi akaonyesha tuta kubwa la udongo nyuma ya shabaha. "Hapa zimekwenda kwenye udongo. Dukani kwako nyuma kuna nini?" Dada yangu akanyamaza kidogo. Nyuma ya kaunta yake kuna ukuta, mlango wa mbao, na chumba ambamo wanalala watoto wa mdogo wake wanaosoma mjini hapo. Mbele kuna barabara na kituo cha bodaboda. Risasi ya bastola ikikosa ilichokusudiwa haipotei. Hupenya mbao na bati bila shida, na ikiwa haikuzuiwa na kitu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: ikiwa bastola ndogo ni ngumu kiasi hiki kwa mgeni, kwa nini ndiyo anayopewa mgeni? Sehemu ya jibu imo katika historia yake. Udogo wa bastola haukubuniwa ili kumrahisishia mtu kupiga. Ulibuniwa ili kumrahisishia kuficha. Henry Deringer wa Philadelphia alipata umaarufu katika karne ya 19 kwa vibastola vya mfukoni, na ni kibastola chake cha risasi moja ambacho John Wilkes Booth alikitumia kumuua Rais Abraham Lincoln tarehe 14 Aprili 1865. Booth hakuhitaji kulenga kwa mbali. Alisimama nyuma ya kiti cha Rais, umbali wa mkono. Hiyo ndiyo kazi ambayo silaha ya namna hiyo inaimudu: kufichika mpaka dakika ya mwisho, kisha kutumika kwa karibu kabisa. Mwenye duka anayetetemeka, gizani, akiwa na watu wa nyumbani nyuma yake, yuko katika hali nyingine kabisa. Hata leo bastola hizi zina watumiaji wanaozimudu, lakini wengi wao ni wazoefu waliojifunza kwanza kwa silaha kubwa.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika soko, na hasa katika namna soko linavyomwona mwanamke. Ule usemi wa "ya akina mama" unamchukulia mwanamke kuwa kiumbe cha mkoba na uzito mdogo, na kwa kufanya hivyo unamkabidhi silaha inayohitaji nguvu nyingi zaidi ya mkono na mazoezi mengi zaidi. Muuzaji hana haja ya kusema uongo. Anachosema kuhusu uzito na mkoba ni kweli tupu. Anachoacha kusema ni kwamba sifa hizo zinahusu saa zote ambazo bastola haitumiki. Sifa za ile sekunde moja ambayo itatumika hazizungumzwi dukani, kwa sababu dukani hakuna anayefyatua.

Wapo watakaonijibu kwamba mambo haya ni ya wanagenzi, na kwamba vyombo vya dola haviwezi kukwazwa na teke la bastola. Historia inasema vinginevyo. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili jijini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa risasi zilizokuwa zikitumika, kwamba hazikupenya vya kutosha, na shirika likahamia kwenye risasi kubwa zaidi ya milimita 10. Muda si mrefu ikadhihirika kwamba maofisa wengi walishindwa kuidhibiti. Ikapunguzwa baruti, kisha mwaka 1990 ikaja risasi fupi zaidi ya .40, ambayo nayo bado ilikuwa na teke kali. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kilipendekeza kurudi kwenye milimita 9. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa, na kwamba maofisa walio wengi walipiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi walipokuwa na silaha yenye teke dogo. Ilichukua takriban miaka thelathini kwa taasisi yenye fedha, wakufunzi na viwanja vyake yenyewe kukubali jambo moja: silaha hupimwa kwa mkono wa mtumiaji wa kawaida. Mkono wa bingwa haufai kuwa kipimo cha wote.

Ikiwa watu wanaolipwa kufanya mazoezi walihitaji miaka hiyo yote, tumtarajie nini mwenye duka anayepewa kisanduku na kitabu cha maelezo?

Hapa ndipo nawageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na wanafunzi wangu ambao baadhi yao kesho watakaa kwenye viti hivyo. Mifumo yetu ya leseni kwa sehemu kubwa hushughulika na maswali mawili: wewe ni nani, na kwa nini unataka silaha? Ni maswali ya lazima. Rekodi ya jinai, afya ya akili, mwenendo mbele ya majirani na sababu ya maombi vyote vina nafasi yake. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90, na hatua hiyo ilikuwa na mantiki, kwani dola isiyojua ni nani amebeba bastola haiwezi kudai kuwa inadhibiti chochote. Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imezaliwa na wasiwasi huohuo. Lakini uhakiki wa mtu haujibu swali la mkono. Raia mwema, mwenye akili timamu na sababu halali, anaweza kuwa mpigaji hatari kwa kila aliye karibu naye.

Afrika Kusini ilipiga hatua muhimu katika Sheria yake ya Udhibiti wa Silaha Na. 60 ya mwaka 2000, iliyodai kwamba mwombaji apate kwanza cheti cha umahiri kabla ya leseni, na cheti hicho hutolewa kwa kuzingatia aina ya silaha: bastola mbali, bunduki mbali. Huo ni msingi mzuri wa kujengea. Hata hivyo, ndani ya neno "bastola" mnaingia silaha ya kilo moja na silaha ya gramu mia nne, na tumekwisha kuona kwamba kwa mkono mgeni vitu hivyo viwili havifanani. Mtu anaweza kufaulu mtihani kwa bastola kubwa ya chuo cha mafunzo, kisha akaenda dukani kununua ndogo ambayo hajawahi kuifyatua hata mara moja.

Mapendekezo yangu ni machache, na hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza, mtihani wa umahiri ufanywe kwa silaha ileile itakayoandikwa kwenye leseni, au kwa nyingine ya ukubwa na risasi zilezile. La pili, muuzaji asiruhusiwe kukamilisha mauzo kwa mnunuzi wa mara ya kwanza mpaka pawepo uthibitisho wa mkufunzi kwamba mnunuzi ameikoki, ameipakia, ameifyatua na kuipakua silaha hiyo mwenyewe. La tatu, mafunzo yaanzie kwenye risasi yenye teke dogo na bastola yenye uzito wa kutosha, kisha yapande hatua kwa hatua. Mkono uliojifunza hofu siku ya kwanza ni kazi kubwa kuufundisha upya. La nne, leseni inapohuishwa, mkono nao upimwe upya, kwa kuwa ustadi usiofanyiwa mazoezi hupotea. La tano, fomu ya maombi iwe na swali alilouliza dada yangu: mahali unapokusudia kuitumia silaha hii, risasi ikikosa itakwenda wapi?

Haki inanitaka niseme pia kwamba ukubwa una kikomo chake. Mpini mnene kupita kiasi humfanya mwenye kiganja kidogo asikifikie kifyatulio ipasavyo, naye hulazimika kuipinda silaha mkononi. Bastola nzito kupita kiasi huchosha mikono, na mlengaji huanza kuyumba. Kinachotafutwa ni kipimo kinacholingana na mtu, na kipimo hicho hakijulikani kwa kutazama kabati la kioo dukani, wala kwa kutazama jinsia ya mteja. Hujulikana uwanjani, kwa karatasi na matundu yake.

Dada yangu hakuinunua ile bastola ndogo. Alisimamisha maombi yake, akatumia sehemu ya fedha hizo kuweka mlango wa chuma na taa za nje, na siku hizi fedha za mauzo haziachwi zikalala dukani. Hupelekwa benki au kwa wakala kabla jua halijazama. Bado huenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara, na hajaniambia ataamua nini. Ni uamuzi wake, na naamini kwa sasa anaujua uzito wake kuliko wengi wenye leseni mfukoni.

Lakini yeye alikuwa na ndugu wa kumsindikiza, mkufunzi mwenye subira, na nauli ya kufika uwanjani. Sera ya umma haiwezi kutegemea bahati za namna hiyo. Kila leseni inayotolewa inawahusisha watu ambao hawakuulizwa: mtoto aliyelala chumba cha pili, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, mama anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara. Hao hawatamchagulia mtu bastola, na hawatakuwapo ofisini siku ya saini. Anayetia saini ndiye mwakilishi wao pekee, na ana haki ya kudai, kwa niaba yao, aonyeshwe karatasi ya shabaha kabla ya kufungua kalamu yake.